Uvimbe wenye chokaa juu ya kibofu: ni kichocho sugu au saratani ya urakusi?

Swali. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya Kanda ya Ziwa. Nina mgonjwa mwanaume wa miaka 49. Amekuwa akikojoa damu, inakuja na kupotea, na anasema mkojo wake una utelezi. Ametibiwa kichocho mara mbili kwa prazikwanteli. Kila mara damu ilikoma, kisha ikarudi. Ultrasaundi imeandikwa hivi: "Uvimbe wa sm 5.2 kwa 4.1 sehemu ya juu ya kibofu, katikati, una chokaa. Figo zote kawaida." Je, hiki ni kichocho sugu au ni saratani? Na nifanye nini kabla ya kumpa rufaa?

Jibu. Ndugu tabibu, mgonjwa huyo mchukulie kuwa ana saratani ya urakusi, yaani ya mabaki ya mrija wa kibofu na kitovu, mpaka ithibitike vinginevyo. Usimpe prazikwanteli ya tatu ukasubiri matokeo. Mambo matatu uliyoyataja, yaani uvimbe kuwa juu na katikati kabisa, chokaa ndani ya uvimbe wenyewe, na mkojo wa utelezi, yakikutana kwa mtu mmoja huelekeza huko zaidi kuliko kwingine.

Dawa ya kichocho isikudanganye. Damu ya uvimbe wa kibofu ndiyo tabia yake: hutoka siku kadhaa, hukoma yenyewe, hurudi baada ya wiki au miezi. Mgonjwa akinywa dawa siku ambayo damu ilikuwa inaelekea kukoma, dawa hupewa sifa isiyo yake. Kichocho kinawezekana kabisa kuwapo pia, maana mtu aliyekulia Usukuma akioga na kuchota maji madimbwini ana kila sababu ya kuwa nacho. Lakini kuwa na mayai kwenye mkojo hakuondoi uvimbe ulioonekana kwa macho.

Urakusi ni mrija wa mtoto akiwa tumboni mwa mama, unaounganisha kibofu na kitovu. Kabla ya kuzaliwa hujifunga na kubaki ukano mwembamba unaopanda kutoka kileleni mwa kibofu hadi kitovuni, mbele ya peritonia (utando unaofunika ndani ya tumbo) na nyuma ya misuli ya tumbo. Kwa watu wazima wengi, takriban theluthi moja, hubaki vipande vya mrija huo visivyofungika vizuri, na karibu wote huishi maisha yao yote bila kujua. Kwa wachache mno saratani huanzia hapo. Ni chini ya 1% ya saratani zote za kibofu. Takriban 9 kati ya 10 ni adenokasinoma (saratani ya seli za tezi), nyingi zikiwa za aina inayotengeneza ute, na sehemu kubwa huanzia ncha ya chini, pale urakusi unapogusa kibofu. Wagonjwa wengi wana miaka kati ya 40 na 70, na kwa wastani ni vijana kuliko wagonjwa wa saratani ya kibofu ya kawaida.

Kuanzia huko nje ya kibofu ndiko kunakoleta shida. Uvimbe hukua kwenye mafuta yaliyo nyuma ya ukuta wa tumbo, hauzibi njia ya mkojo, haubani kitu, hauumi. Damu hutokea pale tu unapotoboa ukuta wa kibofu na kuingia ndani. Ndiyo maana mtu huja kwa "damu kidogo tu" na unakuta kitu cha sentimita 5 au 6.

Anza na mkojo wenyewe

Mpe mgonjwa chombo cha kioo au plastiki angavu, akojoe mkojo wa asubuhi, kisha uuangalie kwenye mwanga ungali mbichi. Unachotafuta ni ute wa kuonekana kwa macho: vipande vyeupe au vya kijivu vinavyovutika kama mlenda ukivinyanyua kwa kijiti, au mabonge laini yanayotuama chini. Usichanganye na zile "nyuzi za ute" ambazo maabara huandika kila mara baada ya kutazama kwa hadubini. Hizo watu wazima wengi wanazo na hazina maana yoyote hapa. Usaha nao ni tofauti: huufanya mkojo wote kuwa na ukungu, huambatana na harufu na chembe nyeupe nyingi.

Ute huonekana kwa takriban robo tu ya wagonjwa, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumwokoi mtu. Ukiwepo, bado uliza maswali mawili: amewahi kufanyiwa upasuaji wa kibofu uliotumia kipande cha utumbo? Je, mkojo hutoka na hewa au chembe za kinyesi? Utumbo uliounganishwa na kibofu, kwa upasuaji au kwa tundu la ugonjwa, nao humwaga ute.

Pima pia kichocho, lakini kwa namna inayofaa: mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na mililita 10 zichujwe kwenye kichujio. Akiwa na mayai, mpe prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na rufaa iendelee siku hiyohiyo. Kichocho cha zamani mara nyingi hakitoi mayai tena kwenye mkojo ingawa ukuta wa kibofu umejaa mabaki yake, kwa hiyo kipimo hasi hakisemi kwamba hakuwahi kuwa nacho.

Halafu mguse tumbo. Kibofu kikiwa kimekojolewa, bonyeza katikati kati ya mfupa wa kinena na kitovu. Kitu kigumu kisichosogea pembeni na kinachoendelea kuhisika misuli ya tumbo inapokazwa kiko kwenye ukuta au nyuma yake tu. Tazama kitovu: kinatoa majimaji, ute au damu? Dalili hiyo si ya kawaida, ila ikiwepo ina uzito mkubwa.

Kurudia ultrasaundi, safari hii kwa kutafuta

Ripoti uliyonayo ni nzuri kuliko nyingi. Hata hivyo, kama kuna mashine hapo, inafaa irudiwe na mtu anayejua anachokitafuta, kwa sababu kilele na ukuta wa mbele wa kibofu ndipo mahali ambapo ultrasaundi hukosea zaidi. Mawimbi hugonga ukuta wa tumbo na kurudi mara kadhaa, yakaweka ukungu wa mistari sambamba juu kabisa ya picha, na uvimbe mdogo hujificha humo. Mpimaji aliyezoea kutazama tezi dume na mlango wa mirija ya figo huupita bila kuuona.

Mgonjwa anywe maji kama lita moja, saa moja kabla. Kibofu chenye mililita 300 hadi 400 kinatosha. Kikijaa kupita hapo mgonjwa hukaza tumbo na picha huharibika. Anza na probu ya kawaida ya tumbo, kwa mkato wa wima katikati, kutoka mfupa wa kinena ukipanda polepole hadi kitovuni. Punguza nguvu ya mwangwi wa sehemu ya juu ya picha, washa hamoniki (mpangilio wa mashine unaopunguza ukungu) kama inayo, na ulaze probu kidogo badala ya kuisimamisha. Kisha badili, weka probu bapa ya masafa ya juu, ile ya shingo na mishipa. Uvimbe huu uko karibu na ngozi, na kwa mtu asiye mnene probu hiyo huonyesha kwa undani ambao ile ya kwanza haiwezi: kama mafuta kati ya uvimbe na misuli yamebaki au yamefutika, na kama kuna mkia unaopanda kuelekea kitovu. Mkia huo ukionekana, umepata ushahidi mkubwa.

Pima vipimo vitatu, si viwili. Andika ni kiasi gani cha uvimbe kiko nje ya kibofu na kiasi gani kimeingia ndani. Kwa saratani ya urakusi sehemu kubwa kwa kawaida iko nje na juu. Kwa saratani ya kawaida ya kibofu iliyoota kileleni, sehemu kubwa iko ndani. Mgeuze mgonjwa ubavu: bonge la damu na jiwe huhama, uvimbe hauhami. Kinachodhaniwa kuwa chokaa kikaguliwe tena kwa kubonyeza na kusubiri dakika moja, kwani hewa ya utumbo uliolala juu ya kibofu nayo hung'aa na kutoa kivuli, ila kivuli chake ni kichafu na hubadilika utumbo unapotembea.

Chokaa ya kichocho na chokaa ya urakusi

Hapa ndipo wenzetu wa Kanda ya Ziwa, Pemba, Kwale na Tana River hukwama, kwa sababu wameshaona chokaa nyingi za kichocho kiasi kwamba kila chokaa ya kibofu huitwa kichocho.

Chokaa ya kichocho iko kwenye ukuta. Ni mayai yaliyokufa ndani ya tabaka za kibofu, na kwenye eksirei huonekana kama mstari mwembamba unaouzunguka ukuta, mara nyingi ukianzia chini. Wakati mwingine hupanda hadi ncha za chini za mirija ya figo. Kibofu chenyewe huwa kimesinyaa au kina ukuta mnene, na figo moja au zote mbili zimejaa maji. Dawa haiondoi chokaa hiyo. Hubaki miaka na miaka baada ya minyoo kufa.

Chokaa ya urakusi iko ndani ya uvimbe au pembezoni mwake: vitone, vipande, au upinde mfupi, katikati, juu ya kibofu. Kwenye CT skani huonekana kwa takriban nusu hadi theluthi mbili ya wagonjwa. Uvimbe wa katikati juu ya kibofu wenye chokaa ya namna hii na maeneo ya majimaji ndani yake ni picha ambayo magonjwa machache mno huweza kuiiga. Figo kwa kawaida huwa salama, maana mirija yake huingia chini kwenye kibofu, mbali na uvimbe. Ripoti yako imesema figo ni za kawaida; jambo hilo dogo limenishawishi karibu sawa na chokaa yenyewe.

Kuna saratani nyingine ya kufikiriwa: skwamasi ya kibofu (ya seli bapa), ile inayotokana na kichocho cha muda mrefu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka *Schistosoma haematobium*, mnyoo wa kichocho cha kibofu, kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika mwaka 1994. Duniani kwa ujumla ni nadra. Kwetu si nadra hivyo. Huota popote kwenye ukuta wa kibofu, huwa pana, ndani, na yenye vidonda. Mgonjwa huumia na kukojoa mara kwa mara, na wakati mwingine hutoa vipande vya nyama kwenye mkojo. Figo huziba mapema. Kama ripoti yako ingesema ukuta wa pembeni, kibofu kidogo na figo zimejaa maji, ningekujibu tofauti.

Na usaha uliojificha kwenye mabaki ya urakusi? Huo ndio mwigaji mkuu. Huleta homa, maumivu makali chini ya kitovu, ngozi nyekundu, na uvimbe wenye ukuta mnene. Picha peke yake mara nyingine haiwezi kuutofautisha na saratani. Kwa mtu mzima anayekojoa damu, dawa za kuua bakteria zikimaliza homa huku uvimbe ukibaki palepale, uvimbe huo utolewe, usiangaliwe tu.

CT skani: nini cha kuomba

Fomu inayosema "CT ya tumbo" bila neno jingine italeta picha pungufu. Andika: "Uvimbe wa kilele cha kibofu katikati, shaka ya saratani ya urakusi. Naomba CT ya kifua, tumbo na nyonga, bila kontrasti kwanza kisha na kontrasti, na mikato ya wima." Kontrasti ni dawa ya mshipani inayong'arisha picha. Kila neno lina kazi yake. Awamu ya bila kontrasti ndiyo inayoonyesha chokaa. Kontrasti ikishajaa kibofuni, chokaa iliyo karibu hufunikwa na weupe wake. Awamu ya mshipa, kama sekunde 70 baada ya sindano, huonyesha sehemu ngumu za uvimbe zikinywa dawa huku madimbwi ya ute yakibaki meusi. Mkato wa wima ndio unaoonyesha uhusiano wa uvimbe na kitovu; kwenye mikato ya kulala peke yake uvimbe huu huweza kuonekana kama kipande cha utumbo. Kifua kinaingia kwa sababu mapafu ni mojawapo ya mahali unaposambaa mapema, pamoja na mifupa, ini, tezi limfu na peritonia.

Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ipimwe kabla ya kontrasti. Kibofu kiwe na mkojo. Mgonjwa akiwa na katheta, ibanwe mapema. Kibofu kitupu hujikunja, kilele hushuka, na picha hupoteza maana.

MRI, pale inapopatikana, ni bora kwa mpaka kati ya uvimbe, kibofu na ukuta wa tumbo. Kwenye picha zake za aina ya T2 ute hung'aa sana. Tahadhari moja: uvimbe wenye ute mwingi una seli chache, kwa hiyo picha za mtawanyiko wa maji huweza kuonekana za kutuliza moyo wakati hali si hivyo. PET nayo hukosea kwa sababu hiyohiyo.

Ripoti itakayorudi inatakiwa kujibu: uvimbe umefika wapi kuelekea kitovuni, umegusa misuli ya tumbo, umegusa utumbo, kuna majimaji au ute kwenye peritonia, tezi limfu za nyonga zikoje, mapafu yakoje.

Kuchukua kinyama

Kinyama kichukuliwe kwa ndani, kwa sistoskopi (kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo), si kwa sindano kupitia ngozi. Sindano ikipita kwenye uvimbe wa ute huweza kupanda mbegu za saratani njiani au kumwaga ute kwenye peritonia, na tumbo likijaa ute wenye seli hizo tiba huwa ngumu mno. Kwenye sistoskopi daktari anaweza kukuta utando mzima usio na kidonda, umesukumwa tu kutoka nje. Akibonyeza juu ya kinena kwa mkono mwingine, wakati mwingine ute huchuruzika. Saitolojia ya mkojo, yaani kutafuta seli za saratani humo, ikirudi safi haifuti shaka.

Mtaalamu wa patholojia aambiwe uvimbe uko wapi. Chini ya hadubini saratani ya urakusi na ya utumbo mpana hufanana sana, hata kwa rangi maalumu: zote kwa kawaida huonyesha protini CK20 na CDX2. Beta-katenini ndani ya kiini cha seli huelekeza zaidi kwenye utumbo, lakini si hukumu ya mwisho. Ndiyo maana kolonoskopi (kamera ya utumbo mpana) haikwepeki, na kwa mwanamke ovari ziangaliwe. Bila picha, jibu la "adenokasinoma" peke yake linaweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba isiyo yake. CEA na CA 19-9, alama za saratani kwenye damu, zipimwe kabla ya upasuaji. Zikiwa juu, zitafaa kufuatilia baadaye.

Tiba sitaipanua, maana hukuiuliza. Ni upasuaji: kilele cha kibofu, urakusi wote na kitovu hutolewa kwa kipande kimoja, pamoja na ala ya nyuma ya misuli na peritonia iliyoshikamana navyo. Kitovu si mapambo. Kikiachwa, ugonjwa huweza kurudi hapo. Kibofu kilichobaki kwa wengi hutosha. Mionzi haina msaada mkubwa kwa aina hii, na tibakemikali hutumika ugonjwa ukiwa umesambaa, mara nyingi kwa mchanganyiko wenye 5-FU na sisplatini. Hatua za ugonjwa hupangwa kwa mfumo wa Sheldon wa 1984 au wa Mayo wa 2006, kwa hiyo ukiona "IIIA" kwenye barua ya marejesho, huo ni Sheldon: uvimbe umeingia kwenye kibofu tu, haujafika ukuta wa tumbo wala peritonia. Kwa mgonjwa wako, hapo ndipo pa kuombea awe.

Mkononi mwako sasa

Pima damu, kreatinini, na otesha mkojo. Rufaa iende hospitali yenye daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na CT. Kwa upande wenu Bugando (Mwanza) ndiko karibu, na KCMC (Moshi) wana idara ya siku nyingi ya magonjwa hayo. Picha ziende kwenye CD au simu, si karatasi tu, kwani karatasi za mashine ya ultrasaundi hufifia zikikaa mfukoni. Barua itaje neno "urakusi" waziwazi. Ukiandika "hematuria, kichocho?" atapangiwa foleni ya kichocho.

Ndugu zake waambie ukweli ulio nao: kuna uvimbe, unashukiwa, unatolewa kwa upasuaji ukiwahiwa, na asipakwe wala kukandwa chochote tumboni.

Mkojo ukizibwa na mabonge ya damu kabla hajasafiri, tumia katheta nene ya njia tatu, saizi 20 hadi 24, toa mabonge kwa bomba la sindano kubwa, kisha osha kwa maji ya chumvi mpaka yatoke ya waridi. Katheta ya njia ya mkojo isipoingia, usiweke ya kutoboa tumbo juu ya kinena. Kwa mgonjwa mwingine ingekuwa suluhisho sahihi. Kwa huyu ncha yake ingepita katikati ya uvimbe. Na kitovu kikivimba au kutoa ute, usikipasue kwa kudhani ni jipu. Kifunike kwa gozi safi, na mgonjwa aende rufaa kwanza.